Uchaguzi wa Mikrokontrola kwa Moduli za Mawasiliano ya Nuru

Mwaka 1879 kampuni ya Eastern Telegraph ilitandaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Aden kuja Unguja, na kutoka huko kwenda kusini hata Msumbiji na Durban. Neno simu lenyewe, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, lilitumika kwa habari zilizoletwa kwa njia hiyo kabla halijawa jina la chombo cha kusemea. Miaka 130 baadaye, yaani mwaka 2009, nyaya nyingine zilifika pwani hiyo hiyo: SEACOM, iliyofika Dar es Salaam na Mombasa, na TEAMS, iliyotoka Fujairah katika Ghuba hata Mombasa. Safari hii habari hazikupita katika shaba, bali katika nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na kinachosafiri ndani yake ni nuru. Jina la simu limebaki ingawa waya wenyewe umebadilika, na watu wachache sana wasemao neno hilo leo hukumbuka kwamba wanataja waya.

Lakini nuru haiingii katika kioo kwa nguvu zake yenyewe. Kila upande wa uzi, iwe ni katika kituo cha pwani, iwe ni katika mnara wa simu za mkononi au chumba cha mitambo cha benki, hapana budi pawe na chombo cha kugeuza umeme kuwa nuru na nuru kuwa umeme. Chombo hicho huitwa moduli ya nuru. Iliyoenea kupita zote ni ile ya namna ya SFP, ambayo vipimo vyake vilikubaliwa na watengenezaji na kutolewa mwaka 2001. Upana wake ni milimita 13.4, kimo chake milimita 8.5, na urefu wake milimita 56 na kitu. Kwa hiyo haizidi sana kidole gumba cha mtu mzima. Huchomekwa katika swichi, nayo yaweza kuchomolewa na kutiwa nyingine pasipo kuzima mtambo. Ndani yake mna leza ya kutoa nuru, fotodiodi ya kupokea nuru, sakiti za kukuza umeme, na kompyuta ndogo kabisa iliyokusanywa yote katika kipande kimoja cha silikoni. Kompyuta hiyo ndiyo mikrokontrola.

Jina hili lataka maelezo kidogo. Wako wanaopenda kusema kidhibiti kidogo, na neno kidhibiti ni zuri, maana kitenzi dhibiti chabeba maana ya kushika jambo kwa nguvu na kwa hesabu, kama lilivyo katika Kiarabu lilikotoka. Ila sifa ya udogo yaweza kupoteza mtu. Katika moduli ya nuru vimo vidhibiti vingine vilivyo vidogo zaidi, visivyo na programu yo yote: kipo cha kuendesha leza, kipo cha kutuliza volti, na kadhalika. Kinachoitofautisha mikrokontrola nao si udogo, bali ni kuwa ina akili ya kuandikiwa: hufuata programu, na programu yaweza kufutwa na kuandikwa nyingine. Kwa hiyo hapa litatumika neno mikrokontrola, na kidhibiti litaachiwa vyombo visivyoandikwa.

Mtu anayeambiwa achague mikrokontrola kwa ajili ya moduli iendayo kwa kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde hudhani kwanza kwamba yampasa atafute iliyo na kasi kuliko zote. Hesabu yaonyesha ya kuwa dhana hiyo haifai. Mikrokontrola nzuri ya kazi hii, mathalan EFM8LB1 ya Silicon Labs, ina mapigo ya saa milioni 72 kwa sekunde. Katika pigo moja tu la saa yake, biti 139 hivi zimekwisha pita katika kioo. Katika moduli za biti bilioni 400, hata mikrokontrola ya mapigo milioni 80 hupitwa na biti 5,000 kwa kila pigo. Hakuna mikrokontrola iwezayo kuzisoma biti hizo, sembuse kuzipanga. Nayo haikuwekwa kwa kazi hiyo. Hali yake ni kama ya mlinzi wa mnara wa taa: hapandi jahazi lo lote wala hajui limebeba nini, bali hutazama taa isififie wala isiwake kupita kiasi, na akiulizwa habari za taa hujibu. Basi sifa zitakiwazo ni sifa za mlinzi wala si za nahodha.

Taa yenyewe ni leza, na leza ni kitu chenye tabia ngumu. Haitoi nuru ya leza mpaka mkondo wa umeme upite kiasi fulani kiitwacho kizingiti. Na kizingiti hicho hupanda joto lipandapo. Tena, hata baada ya kuvuka kizingiti, kila nyongeza ya mkondo huleta nuru pungufu wakati wa joto kuliko wakati wa baridi. Kwa hiyo mikondo miwili yahitaji kurekebishwa: ule wa kuiweka leza juu ya kizingiti, na ule wa kutofautisha biti moja na biti sifuri. Ukirekebishwa wa kwanza peke yake, nuru ya wastani itakuwa sawa, lakini tofauti ya moja na sifuri itafifia, na upande wa pili wa uzi utaanza kukosea katika kusoma.

Njia iliyozoeleka ni kuandika jedwali. Kiwandani kila leza hupimwa katika joto mbalimbali, na mikondo inayoifaa huandikwa katika kumbukumbu ya mikrokontrola. Moduli iliyokusudiwa kukaa nje, katika joto la kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hata nyuzi 85 za Selsiasi, ikiwa na mstari mmoja kwa kila nyuzi mbili, itahitaji mistari 64 hivi. Kwa mikondo miwili, na kila mmoja baiti mbili, jumla ni baiti 256. Si mzigo mkubwa. Jambo la kuangaliwa ni chombo kitoacho mkondo huo, yaani kigeuzi cha tarakimu kuwa umeme. Kigeuzi cha biti 8 kina ngazi 256 tu. Kikipangiwa miliampea 100, kila ngazi ni karibu miliampea 0.4. Kwa leza kubwa ya masafa marefu mtu aweza kuvumilia. Lakini leza zile fupi zitoazo nuru kwa juu, zitumikazo ndani ya nyumba za mitambo, kazi yake yote hufanywa kwa miliampea chache, na hatua ya 0.4 kwao ni kama kumpimia mtu dawa ya matone kwa kibaba. Kigeuzi cha biti 12 kina ngazi 4,096, na hatua yake kwa kipimo hicho hicho ni miliampea 0.024. EFM8LB1 iliyotajwa inavyo vigeuzi vinne vya namna hiyo, na kwa ajili hiyo hasa hufikiriwa sana katika kazi hii, si kwa ajili ya kasi yake.

Iko pia namna ya moduli ambayo joto lenyewe hutawaliwa. Rangi ya nuru ya leza ya namna ya DFB husogea kwa kiasi cha nanomita 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Katika nyaya zinazobeba rangi nyingi kwa pamoja, rangi moja na jirani yake huachana kwa gigahezi 100, ambazo karibu na nanomita 1,550 ni sawa na nanomita 0.8 tu. Basi leza iliyopata joto la nyuzi 4 zaidi imekwisha fika nusu ya njia kuelekea nyumba ya jirani. Hapo mikrokontrola hupewa kazi ya kuendesha kipoza umeme kidogo kilichobandikwa chini ya leza, nayo yahitaji kipimo cha joto kilicho makini na hesabu za mara kwa mara, usiku na mchana, miaka yote ya uhai wa moduli.

Kipimo ndicho kiini cha uchaguzi wote. Kanuni iitwayo SFF-8472 yataka moduli ya SFP yenye uwezo wa kujipima itoe habari tano juu ya hali yake: joto, volti, mkondo wa leza, nguvu ya nuru itokayo, na nguvu ya nuru iingiayo. Nne za kwanza hazina taabu kubwa. Ya tano ndiyo yenye mashaka, kwa sababu nuru iingiayo yaweza kuwa nyingi au haba kwa kiasi kisicho cha kawaida. Moduli iliyounganishwa na jirani wa mita 10 hupokea labda miliwati moja. Nyingine ya namna hiyo hiyo, iliyo mwisho wa uzi mrefu, hupokea mikrowati moja. Ya kwanza ni mara 1,000 ya ya pili, na chombo kimoja chatakiwa kizipime zote mbili.

Tazama hesabu yake. Kigeuzi cha biti 10 kikipangwa hivi kwamba ngazi yake ya juu iwe miliwati moja, kila ngazi itakuwa karibu mikrowati moja. Basi nuru ya mikrowati moja itasomwa kuwa ngazi moja, na ikipungua kidogo itasomwa kuwa sifuri: chombo kitasema hakuna nuru ilhali nuru ipo na habari zasomeka. Kigeuzi cha biti 12 kitaipa nuru hiyo ngazi nne, na cha biti 14 kitaipa ngazi 16. Kanuni yaruhusu kosa la desibeli 3 kila upande, yaani jibu liwe kati ya nusu na mara mbili ya kweli. Ni ruhusa kubwa, na kwa ruhusa hiyo ngazi nne zaweza kupita kwa shida. Lakini fundi anayefuatilia uzi unaozorota pole pole, labda kwa sababu maji yameingia katika kiungo, hataki kujua kama nuru ni nusu au mara mbili. Ataka kujua kama ya leo ni pungufu kuliko ya jana. Kwa ngazi nne hawezi kuona mpungufu ulio chini ya robo. Kwa ngazi 16 aweza.

Yapasa hapa kusema kwamba idadi ya biti iandikwayo katika karatasi za biashara si idadi ya biti zifanyazo kazi. Kelele za umeme zitokazo katika sakiti za kasi, zilizo milimita chache tu kutoka kwenye kigeuzi, hula biti za chini. Kusoma mara nyingi na kuchukua wastani hurudisha sehemu ya kilicholiwa, na nafasi ya kufanya hivyo ipo, maana nuru iingiayo haibadiliki upesi. Wengine huweka njia mbili za kupimia, moja ya nuru nyingi na moja ya nuru haba, na programu huchagua. Njia hiyo huwezesha kigeuzi cha biti 12 kufanya kazi ya kilicho bora zaidi, ila huongeza vipande katika ubao ambao hauna nafasi.

Sasa ni habari ya kujibu. Swichi huzungumza na moduli kwa waya mbili, kwa lugha iitwayo I2C iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Mmoja kati ya wazungumzaji huanzisha maneno na kupiga mapigo ya saa. Mwingine hungoja aulizwe. Kwa karibu miaka 40 vitabu vya lugha hiyo viliwaita wawili hao bwana na mtumwa, mpaka masahihisho ya mwaka 2021 yalipoyaondoa majina hayo na kuweka mengine yenye maana ya mwenye kuongoza na mwenye kulengwa. Kwa mfasiri wa Kiswahili jambo hili lina uzito wake. Kwa asili mtumwa ni mtu aliyetumwa, na kwa sarufi tupu neno lingefaa. Lakini katika pwani ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hakuna asikiaye neno hilo kwa sarufi tupu. Wala haja ya kulibeba haipo. Muulizaji na muulizwa yatosha, nayo yaeleza kazi inayofanyika vizuri kuliko majina ya kwanza, kwa kuwa muulizaji hamwamuru mwenzake jambo kubwa zaidi ya kumtaka aseme.

Muulizaji asemapo kwa mapigo 400,000 kwa sekunde, baiti moja pamoja na biti yake ya kukiri huchukua mikrosekunde 22.5. Katika muda huo mikrokontrola ya mapigo milioni 72 ina mapigo 1,620 ya kutafuta baiti inayofuata na kuiweka tayari. Muda huo watosha, ikiwa programu haikushughulishwa na jambo jingine. Ikichelewa, kanuni humruhusu muulizwa aushikilie waya wa saa ili muulizaji angoje, lakini si zaidi ya mikrosekunde 500. Na ziko swichi zisizo na subira hata hiyo. Kwa hiyo mikrokontrola ambayo sehemu yake ya I2C ina uwezo wa kujichukulia baiti kutoka katika kumbukumbu bila kuisumbua programu, ina thamani kubwa kuliko yenye saa ya kasi isiyo na sehemu hiyo.

Tatizo gumu kuliko yote ya kujibu halihusu upesi hata kidogo. Kila kipimo huandikwa kwa baiti mbili, kubwa na ndogo, kama hesabu ya shilingi na senti, ila hapa senti 256 ndizo zifanyazo shilingi moja. Na mfano wa daftari la duka wafaa. Mwenye duka ameandika 2/99. Karani aja kunakili: asoma shilingi, mbili. Kabla hajasoma senti, mwenye duka apokea senti moja, afuta, aandika 3/00. Karani asoma senti: sifuri. Katika nakala yake imeandikwa 2/00, hesabu ambayo haikuwapo dukani wakati wo wote, si kabla wala baada. Mali ikipungua badala ya kuongezeka, kutoka 3/00 hata 2/99, karani aweza kuandika 3/99.

Nguvu ya nuru huandikwa kwa sehemu za kumi za mikrowati. Nuru ikiwa mikrowati 25.5, hesabu ni 255: baiti kubwa ni sifuri na ndogo ni 255. Ikiongezeka kuwa 25.6, hesabu ni 256: baiti kubwa ni moja na ndogo ni sifuri. Swichi iliyosoma baiti kubwa kabla ya badiliko na baiti ndogo baada yake itapata sifuri na sifuri. Maana yake nuru imekatika. Kengele italia katika chumba cha usimamizi, na kama ni usiku wa manane mtu ataamshwa aende kilomita kadha wa kadha kutafuta mahali uzi ulipokatika, na uzi ni mzima. Akifika atakuta vipimo ni vyema; atarudi; na baada ya siku chache jambo litatokea tena, kwa kuwa nuru ingali ikipanda na kushuka karibu na kipimo kile kile. Mambo ya namna hii ni magumu kuliko uharibifu wa kweli, kwa kuwa hayaonekani wakati yanapotafutwa.

SFF-8472 yaagiza kwamba swichi ikisoma baiti mbili kwa mfululizo mmoja, moduli iwajibike kuzitoa zikiwa za wakati mmoja. Namna ya kulitimiza agizo hilo hutegemea mikrokontrola iliyochaguliwa. Yenye upana wa biti 16 au 32 huandika baiti zote mbili kwa tendo moja, na hiyo ni nusu ya tiba. Yenye upana wa biti 8 huandika moja baada ya nyingine, na swali la swichi laweza kuingia katikati. Dawa yake ni kuziba masikio kwa kitambo, yaani kuzuia makatizo, wakati wa kuandika. Ama kuzinakili baiti zote mbili mahali pa pembeni mara tu baiti kubwa inapoulizwa, na kumjibu muulizaji kutoka katika nakala. Hii ya pili ndiyo yenye nguvu, kwa sababu hata mikrokontrola pana yaihitaji: kuandika kwa tendo moja hakumzuii msomaji kusoma kwa matendo mawili. Hapo ndipo sifa njema iliyotajwa juu hugeuka kuwa hatari. Sehemu ya I2C ijichukuliayo baiti yenyewe bila kuiarifu programu, haiipi programu nafasi ya kufanya nakala. Yafaa iwe yenye kuarifu mwanzoni mwa kila swali, la sivyo kumbukumbu zote ziwekwe mara mbili na kubadilishana zamu wakati hapana anayesoma.

Kuhusu usalama wa macho, maneno machache yatosha. Kanuni za SFP za mwaka 2001 zataka swichi ikiamuru leza izimwe, izimike katika mikrosekunde 10, na hitilafu itokeapo itangazwe katika mikrosekunde 100. Programu nzuri yaweza kuwahi muda huo, lakini programu iliyokwama haiwahi muda wo wote. Kwa hiyo njia ya kuzima leza huwekwa katika umeme wenyewe, na mikrokontrola iwe na kilinganishi cha volti kifanyacho kazi bila kungoja programu. Yapasa vile vile kuchungua hali ya miguu yake wakati wa kuamka: ziko ambazo miguu yake huinuka juu kwa kitambo kabla programu haijaanza, na kama mguu huo ndio uwashao leza, nuru itatoka kabla ya amri. Kinyume chake, mikrokontrola ikijianza upya kwa sababu ya hitilafu ndogo, haifai leza izimike pamoja nayo, maana habari za watu zinapita. Baadhi ya mikrokontrola zaweza kushikilia mkondo uliokuwapo mpaka programu irudi kazini. Sifa hiyo mara nyingi huandikwa katika ukurasa wa mbali wa kitabu chake, nayo yastahili kutafutwa.

Kumbukumbu ndipo moduli za zamani na za sasa zinapoachana kabisa. SFP ya kwanza haikuwa na haja ya zaidi ya baiti 256 za kujitambulisha: namna yake, jina la mtengenezaji, nambari yake, na hesabu ya kuhakikisha. Baadaye zikaongezwa 256 nyingine za vipimo. Mikrokontrola ya kilobaiti 8 iliweza kuyafanya yote hayo. Moduli za biti bilioni 400, za namna ya QSFP-DD, hufuata kanuni nyingine iitwayo CMIS, yenye kurasa nyingi za habari, njia nane za umeme zinazoangaliwa kila moja peke yake, na hatua za kuamka na kulala zilizopangwa kwa utaratibu mkali. Zaidi ya hayo, kanuni hiyo yaweka njia ya kubadilisha programu ya moduli ikiwa ndani ya swichi. Hapo kilobaiti 64 ni chache, kwa sababu busara yataka programu mbili zikae pamoja, ya zamani na mpya, ili mpya ikiwa na kasoro, ya zamani irudi.

Tena kuna jambo lisilotangazwa sana. Katika mikrokontrola nyingi, kumbukumbu ya kudumu inapofutwa au kuandikwa, haiwezi kusomwa. Na kwa kuwa programu yenyewe imo humo, mikrokontrola husimama kimya kwa milisekunde kadhaa. Kwa mtu, milisekunde 10 si kitu. Kwa swichi iliyozoea kungoja mikrosekunde 500, ni moduli iliyokufa. Njia ya kuepuka ni kuchagua mikrokontrola ambayo kumbukumbu yake imegawanywa vyumba viwili, kimoja kiandikwe hali kingine chasomwa, au ambayo yaweza kuendesha sehemu ya kujibu kutoka katika kumbukumbu ya kazi.

Ukubwa na joto havina mjadala mrefu. Ubao wa SFP hauna nafasi, na kipande cha milimita 3 kwa 3 ndicho kipendwacho. Moduli ya SFP ya daraja la kwanza hupewa wati moja kwa matumizi yake yote. Mikrokontrola inywayo miliampea 10 kwa volti 3.3 huchukua miliwati 33, nayo haina wa kuilalamikia.

Basi kwa moduli ya biti bilioni 10 mikrokontrola ya biti 8 yenye kigeuzi cha biti 14 na vigeuzi vinne vya kutolea yatosha, na anayenunua ya biti 32 kwa kazi hiyo analipia upana asioutumia. Kwa QSFP-DD mambo yamegeuka, na zile za namna ya ADuCM320 ya Analog Devices, zenye kiini cha biti 32 na kilobaiti 256 za kumbukumbu pamoja na vigeuzi vyake, ndizo ziwezazo kubeba kitabu kizima cha kanuni. Wako watengenezaji waliotaka programu moja kwa moduli zote, ndogo na kubwa, wakachagua biti 32 kote. Ni uamuzi wenye maana, lakini akiba yake hupatikana katika ofisi ya waandishi wa programu, na gharama yake hulipwa kwa kila moduli itokayo kiwandani.

Inasemwa mara kwa mara kwamba kuchagua kiini kilichoenea, kama kile cha 8051 kilichotolewa na Intel mwaka 1980 na kutengenezwa baadaye na makampuni mengi, humpa mtu uhuru wa kuhama kutoka kwa muuzaji mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa programu ya hesabu tupu ni kweli. Kwa moduli ya nuru ni kweli kwa sehemu ndogo tu, kwa sababu kiini chaweza kuwa kile kile, lakini vigeuzi vyake, kelele zake, kipimo chake cha joto na namna yake ya kujibu katika waya mbili si vile vile. Wakati wa uhaba wa vipande vya silikoni wa mwaka 2021, aliyelazimika kuhama hakuandika programu upya peke yake. Ilimpasa arudishe leza katika tanuru la kupimia, aanze tena jedwali la mistari 64.